Kura moja, bei tatu: mlinzi anayekaba kila mtu alipwe kiasi gani?

Kura ya Mlinzi Bora wa Mwaka wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa msimu wa 2024-25 ilimpa Evan Mobley wa Cleveland Cavaliers nafasi ya kwanza. Wa pili alikuwa Dyson Daniels wa Atlanta Hawks, wa tatu Draymond Green wa Golden State Warriors. Mikataba yao sasa: Mobley miaka 5 kwa dola milioni 269, Daniels miaka 4 kwa milioni 100 aliyosaini Oktoba 2025, Green miaka 4 kwa milioni 100 aliyosaini 2023. Kwa wastani wa mwaka ni milioni 53.8 kwa mmoja, na 25 kwa kila mmoja wa wengine wawili.

Wote watatu wanasifiwa kwa jambo lile lile, yaani kukaba nafasi nyingi. Wapiga kura waliwaweka mfululizo, lakini mmoja analipwa zaidi ya mara mbili ya wenzake. Ukisikia mtu anauliza kama mlinzi wa namna hiyo anastahili mkataba wa kiwango cha juu, mwulize kwanza anamzungumzia yupi, maana jibu la Mobley si jibu la Daniels. Msimamo wetu ni kwamba Mobley anastahili, ila kwa ngazi ya chini kuliko anayolipwa, na kwamba mlinzi wa pembeni, yaani anayekaba mbali na ringi, hata awe hodari namna gani, hastahili. Sababu zenyewe zina uhusiano mdogo na ukabaji kuliko mashabiki wengi wanavyodhani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mabishano mengi ya vijiweni hukwama hapo. NBA haina bei moja inayoitwa kiwango cha juu. Kuna ngazi tatu, na kila moja ni asilimia ya kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo ligi huipangia kila klabu kwa wachezaji wake wote, cha msimu ambao mkataba unaanza. Mwenye misimu isiyozidi 6 hupata hadi asilimia 25, mwenye misimu 7 hadi 9 hupata 30, na mwenye 10 au zaidi hupata 35. Klabu yake mwenyewe inaweza kumwongezea asilimia 8 kila mwaka, nayo hukokotolewa juu ya mshahara wa mwaka wa kwanza, si wa mwaka uliotangulia. Mkataba wa miaka 5 kwa hiyo ni 1 + 1.08 + 1.16 + 1.24 + 1.32, jumla 5.8. Kikomo cha 2025-26 ni dola milioni 154.647. Robo yake ni 38.66, zidisha kwa 5.8, unapata 224. Asilimia 30 ni 46.39; zidisha kwa 5.8, unapata 269.

Julai 2024 Mobley alisaini kwa ile 224. Lakini kipo kifungu, maarufu kwa jina la Derrick Rose, kinachomruhusu kijana anayetoka kwenye mkataba wake wa kwanza kuruka hadi asilimia 30 akiwa MVP (mchezaji bora wa msimu), akiwa Mlinzi Bora wa Mwaka, au akiingia kwenye vikosi bora vya msimu. Tuzo ya Aprili 2025 ikamwongezea milioni 45 bila kikao kingine cha mazungumzo. Msimu huo Victor Wembanyama wa San Antonio Spurs, ambaye wengi walitarajia ashinde tuzo hiyo, alicheza michezo 46 tu kabla ya kuwekwa kando kwa sababu ya damu iliyoganda begani, na kanuni ya tangu 2023-24 inadai walau michezo 65 ili mchezaji ashindanie tuzo. Sisemi Mobley asingeshinda. Ninachosema ni kwamba klabu iliyoandika mkataba ule ilikuwa imeacha sehemu ya bei yake ipangwe na wapiga kura pamoja na ripoti ya daktari wa timu nyingine.

Hapa ndipo neno lenyewe, kustahili, linapoanza kupotosha. Kiwango cha juu ni dari, na dari huwabana warefu. Nikola Jokić angeuzwa sokoni bila kikomo angelipwa pesa ambazo hakuna kanuni ya leo inayoziruhusu, kwa hiyo Denver Nuggets wanapata kutoka kwake thamani nyingi kuliko wanayolipa, na ziada hiyo ndiyo inayojenga timu za ubingwa. Mchezaji ambaye thamani yake halisi inalingana na kiwango cha juu analipwa haki yake, ila klabu haibaki na ziada yoyote. Meneja anayesema "tumemlipa anachostahili" amekiri kwamba faida italazimika kutoka kwa mtu mwingine. Cleveland walivyouanza msimu wa 2025-26 inaonyesha vizuri: Donovan Mitchell alikuwa na milioni 46.4, Mobley 46.4, Darius Garland takribani 39.4, Jarrett Allen 20. Wanne hao tu walifika takribani milioni 152, wakati kikomo kizima kilikuwa 154.6. Waliobaki wote waliingia kwa kuvuka kikomo na mistari ya matumizi iliyo juu yake.

Na mistari siku hizi inauma. Mkataba wa pamoja kati ya ligi na wachezaji wa 2023 uliweka mstari wa pili wa matumizi, ambao kwa 2025-26 ni dola milioni 207.8, na Cleveland waliuanza msimu wakiwa juu yake. Klabu iliyoko juu ya mstari huo haiwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumnunua mmoja mwenye mshahara mkubwa. Hairuhusiwi kutuma fedha taslimu kwenye biashara ya wachezaji, hairuhusiwi kupokea mshahara mkubwa kuliko iliyotoa, inapoteza nafasi ya kusajili kwa ule msamaha wa mshahara wa kati, unaoruhusu klabu iliyovuka kikomo kusajili mchezaji, na chaguo lake la raundi ya kwanza la miaka saba mbele, yaani zamu yake ya kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi, linafungwa lisiuzwe. Kodi ambayo ligi huitoza klabu inayotumia kupita kiasi nayo hupanda kwa ngazi, hivyo ile tofauti ya milioni 7.7 kati ya asilimia 25 na 30 katika mwaka wa kwanza haibaki kuwa milioni 7.7. Mlinzi anayelipwa kiwango cha juu analipwa mara mbili: mara ya kwanza kwa dola, mara ya pili kwa milango inayofungwa.

Kwa nini basi nasema Mobley anastahili angalau ile robo?

Jibu liko chini ya ringi. Mpira wa kikapu wa sasa una mitupo miwili inayolipa vizuri: ule wa karibu kabisa na ringi, na ule wa pointi tatu, hasa wa konani ambako mstari uko karibu zaidi. Mlinzi wa pembeni kama Daniels, aliyepora mipira 229 msimu ule, anaharibu mashambulizi kabla hayajaanza, na ana thamani. Lakini anamzuia mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mpinzani akitaka kumkwepa, anampa mpira mwingine. Mlinzi mrefu anayelinda ringi hakwepeki kirahisi, maana kila anayepenya, awe amekabwa na nani, mwisho wa safari anamkuta yeye. Mrefu huyo akiweza pia kutoka nje na kumfuata pointi gadi kwa hatua nne tano bila kupitwa, kocha anaweza kucheza mfumo wowote: kubadilishana watu kwenye kila skrini (mshambuliaji anaposimama kumzibia mlinzi njia), kumwacha arudi nyuma kusubiri, au kumtuma ambane mwenye mpira kwa muda halafu arudi. Watu wanaoweza yote hayo kwa kiwango cha juu hawajazi basi dogo. Mobley, mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 210, ni mmoja wao, na Cleveland wanamtumia kwa namna ya pekee. Allen anasimama kama senta, Mobley anaanzia upande wa pili akimkaba fowadi, kisha anaibuka kutoka nyuma ya mpenyaji ambaye macho yake yote yako kwa Allen.

Walinzi wa pembeni ni wachache pia, ila wanapatikana kwa theluthi ya bei. Oklahoma City Thunder walitwaa ubingwa wa 2025 wakiwa na Luguentz Dort kwa mkataba wa miaka 5 wa milioni 87.5, na Alex Caruso aliyeongezewa miaka 4 kwa milioni 81. Kwenye mchezo wa 7 dhidi ya Denver, Caruso, mtu wa sentimita 196 hivi, alitumwa kumkaba Jokić akisaidiwa na wenzake kutoka kila upande, na Jokić hakuupata mchezo wake. Dort na Caruso kwa pamoja, kwa wastani wa mwaka, hawafikii robo ya kikomo cha 2025-26. Pesa za kiwango cha juu Thunder waliziweka kwa Shai Gilgeous-Alexander, na baadaye kwa Jalen Williams na Chet Holmgren.

Kesi ngumu zaidi ya pembeni ni OG Anunoby. New York Knicks walimchukua kutoka Toronto Raptors Desemba 30, 2023, wakashinda 20 kati ya michezo 23 aliyowachezea kabla ya mtoano, na kiangazi cha 2024 wakampa miaka 5 kwa milioni 212.5. Wengi waliuita mkataba wa kiwango cha juu. Haukuwa. Gawa kwa 5.8, mwaka wa kwanza unatoka milioni 36.6, yaani asilimia 26 ya kikomo cha wakati ule, ilhali kwa misimu yake 7 angeweza kudai 30. Knicks walibania hizo asilimia nne, na huo ndio usajili wa mlinzi wa pembeni ninaouona umepimwa vizuri kuliko wote wa miaka ya karibuni: mtu anayekaba kuanzia pointi gadi hadi senta mwepesi na anayetupa pointi tatu kwa uhakika, kwa bei ya juu sana lakini si ya mwisho.

Kutupa. Huo ndio mtihani wa pili, na ndio unaowaangusha wengi. Mashabiki hujiuliza mlinzi anaweza kumkaba nani. Kocha wa timu pinzani kwenye mtoano hujiuliza nani aachwe bila kukabwa. Ben Simmons alipata miaka 5 kwa milioni 170, kiwango cha juu, Julai 2019. Kwa ukabaji hakuwaangusha Philadelphia 76ers: kikosi cha kwanza cha ulinzi 2020 na 2021, wa pili kwenye kura ya Mlinzi Bora 2021. Halafu mtoano wa 2021 ukafika. Alipiga mitupo huru 73, ikaingia 25. Mwisho wa mchezo wa 7 dhidi ya Atlanta alikuwa chini ya ringi, mbele yake akiwa Trae Young tu, mfupi kwake kwa zaidi ya sentimita 20, naye badala ya kupiga danki akampasia Matisse Thybulle. Mchezaji anayekwepa faulo mwishoni mwa mchezo hawezi kubaki uwanjani, na ukabaji wake unakwenda naye benchi.

Mobley mwenyewe alionjeshwa hilo. Msimu wa 2022-23 aliingia kikosi cha kwanza cha ulinzi na kumaliza wa tatu kwenye kura, lakini pointi tatu zake ziliingia kwa asilimia 21.6. Knicks wakaja raundi ya kwanza, wakamwacha yeye na Allen wazi, wakajaza watu mbele ya Donovan Mitchell, na Mitchell Robinson wa Knicks akaokota ribaundi kama mtu anayechuma maembe ya msimu. Cleveland walitoka 4-1, na Mobley hakufikisha wastani wa pointi 10. Kufikia 2024-25 alikuwa akitupa zaidi ya tatu kwa mchezo na kufunga asilimia 37, na wastani wake wa pointi ulifika 18.5. Mkataba wa milioni 269 kwa hiyo unanunua mambo mawili, na la pili lina umri mfupi. Mkataba ulipoanza, ukabaji wake ulikuwa na ushahidi wa misimu minne. Mtupo wake, kwa idadi ya kutosha ya majaribio, ulikuwa na ushahidi wa msimu mmoja.

Green ni mfano mwingine wa mtihani huo huo, uliojibiwa kwa njia nyingine. Aliingia ligi 2012 kama chaguo la 35, urefu sentimita 198, mfupi kwa kazi ya senta. Kwenye kura ya 2015 alipata kura nyingi za nafasi ya kwanza kuliko Kawhi Leonard, 45 kwa 37, akashindwa kwa jumla ya pointi. Leonard alilipwa kiwango cha juu kiangazi kile. Green akachukua miaka 5 kwa milioni 82, chini ya alichoweza kudai. Msimu uliofuata alitoa asisti 7.4 kwa mchezo. Siri iko hapo: wapinzani wakimwacha wazi, yeye anapokea mpira katikati baada ya Stephen Curry kubanwa na watu wawili, na ghafla Warriors wanashambulia wanne dhidi ya watatu. Hakuhitaji kuwa mtupaji mkubwa ili asiachwe. Pesa alizoziacha mezani, pamoja na mkataba mdogo wa Curry na kikomo kilichoruka hadi milioni 94 mwaka 2016, zilisaidia kufungua nafasi ya kumsajili Kevin Durant.

Kiangazi kile cha 2016 kilileta pia funzo linalowahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Bismack Biyombo, kijana wa Lubumbashi, alichukua ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa fainali ya kanda ya Mashariki akiwa na Toronto, na wiki chache baadaye Orlando Magic wakampa miaka 4 kwa takribani milioni 72. Miaka miwili tu na wakamuuza. Biyombo alikuwa mlinzi halali wa ringi na amedumu kwenye ligi kwa muda mrefu. Kilichokosewa ni kulipa wiki mbili za Mei kana kwamba ni miaka minne. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, chaguo la pili la 2009 mbele ya James Harden na Curry, ni upande mwingine wa sarafu: bloki nyingi za chuo kikuu, urefu wa sentimita 221, na ligi iliyokuwa inaanza kuwalazimisha warefu watoke nje ya eneo lao.

Kuhusu kutolewa nje, hakuna mchezo unaofundisha kuliko ule wa 6 kati ya Utah Jazz na Los Angeles Clippers, 2021. Rudy Gobert alikuwa na mkataba wa milioni 205 na tuzo yake ya tatu ya Mlinzi Bora. Jazz waliongoza kwa pointi 25 kipindi cha tatu. Clippers wakaweka wachezaji watano wote nje ya mstari, na Gobert akapangiwa Terance Mann konani. Angalia kinachotokea: pointi gadi wa Clippers anampita mtu wake kwa hatua ya kwanza, Gobert anaondoka konani kuziba njia, mpira unatupwa konani, Mann anatupa. Gobert akibaki konani, ni leyapu ya bure. Mann alimaliza na pointi 39, mitupo ya pointi tatu 7 kati ya 10, na Clippers wakashinda 131-119. Dunia ikamcheka Gobert, wakati kosa lilianzia kwa walinzi wa mbele waliopitwa kila mara. Lakini meneja anayelipa lazima azingatie: mrefu asiyeweza kumkaba mwenye mpira mbali na ringi anahitaji wenzake wanne wasiopitwa, na hao wanne pia wanataka mishahara.

Hapo ndipo wepesi wa Mobley unapolipa. Yeye anaweza kupangiwa yule wa konani na bado akarudi mbio kumfikia mtupaji mkono ukiwa juu, au akabadilishana na kumkaba mwenye mpira tangu mwanzo ili upenyo usizaliwe.

Upimaji wenyewe una mitego. Idadi ya bloki na mipira iliyoporwa ni ya kwanza kuangaliwa na ya mwisho kuaminika, kwa kuwa mwenye kuruka kila mtupo hupata bloki nyingi na faulo nyingi. Asilimia ya pointi tatu za wapinzani akiwa uwanjani hubadilika mwaka hadi mwaka kwa bahati tu. Mlinzi hana nguvu kubwa juu ya mtupo ukishaondoka mkononi. Kinachodumu ni mahali mitupo inapotoka. Wapinzani wanafika chini ya ringi mara ngapi akiwepo na mara ngapi akiwa benchi? Wanapofika, wanafunga kwa kiwango gani? Baada ya kubadilishana, mwenye mpira anampenya au anaridhika na mtupo wa kurudi nyuma wa umbali wa kati? Na lazima uangalie nani anamrithi anapopumzika. Anayepishana na Allen, mlinzi mzuri mwenyewe, ataonekana hana tofauti kubwa hata kama anayo. Anayepishana na senta wa tatu ataonekana malaika.

Kama ningekuwa upande wa klabu kwenye meza ya 2024, ningempa Mobley asilimia 25 bila kusita na kugombania ngazi zilizo juu yake. Kanuni zinaruhusu kuandika, kwa mfano, asilimia 26 akiingia kikosi cha tatu cha msimu, 28 cha pili, 30 kwa cha kwanza au MVP. Tuzo ya ulinzi ningeiweka kwenye 27 au 28. Wakala wake angekataa, na huenda angeshinda, lakini hapo ndipo palipokuwa na mazungumzo ya kweli.

Mwaka wa mwisho, 2029-30, Mobley atalipwa milioni 61.2 akiwa na miaka 28. Kikomo kikipanda kwa asilimia 7 kila mwaka, hiyo itakuwa takribani asilimia 30 ya kikomo kama ilivyo sasa. Kikipanda kwa 10, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, inashuka hadi 27, karibu na Anunoby. Kikipanda kwa 4, inafika karibu 34, na kwa bei hiyo Cleveland watakuwa wanamhitaji afunge kama Mitchell huku akikaba kama Mobley, na kona yake isiachwe wazi na mtu yeyote mwenye mkanda wa michezo ile ya Knicks ya Aprili 2023.